Wasifu wa Kalusha Bwalya: Somo la -NGALI- na -KA-

  Mhariri wa jarida letu amenishika shati wiki nzima akitaka niandike somo juu ya insha ya wasifu. Ati katika mtihani wa muhula uliopita wengi wenu mlilikwepa swali hilo kama mtu akwepavyo nyoka njiani, na wale wachache waliojitosa ndani walizama mzima mzima. Mimi nikiwa mlezi wa chama ni nani hata nikatae?

Basi nitawafundisha jinsi nilivyofundishwa mimi, yaani kwa aibu. Na mfano wetu utakuwa mwanakandanda mmoja wa Zambia, Kalusha Bwalya, mshambuliaji wa mguu wa kushoto. Ukimtaja mbele ya wazee waliofuata soka ya Afrika miaka ya themanini na tisini, wataacha chai ipoe wakikusimulia. Wao humwita Kalu tu.

1. WASIFU NI NINI?

Wasifu ni maelezo ya maisha ya mtu yaliyoandikwa na mtu mwingine. Mtu akijiandikia mwenyewe, hiyo ni tawasifu. Na ile karatasi ya kumpelekea mwajiri, yenye shule ulizosoma na kazi ulizofanya, huitwa wasifukazi. Usije ukaulizwa hiki ukaleta kile, mtahini hana huruma.

Mwaka 1993 nilikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni. Tulipofungua muhula wa pili mwezi wa Mei, mwalimu wetu wa Kiswahili alitupa kazi: "Andikeni wasifu wa mtu mnayemheshimu." Wenzangu wakawaandika marais, wahubiri na nyanya zao. Mimi mbio mbio nikamchagua Kalusha. Nilikuwa na sababu yangu, nanyi mtaiona huko mbele.

Nilianza hivi:

"Kalusha Bwalya alizaliwa tarehe 16 Agosti 1963 huko Mufulira, mji wa migodi ya shaba, wakati Zambia ikitawaliwa na Waingereza na kuitwa Rodesia ya Kaskazini. Alichezea Mufulira Blackpool. Halafu alichezea Mufulira Wanderers. Mwaka 1985 alikwenda Ubelgiji, alichezea Cercle Brugge. Mwaka 1988 alifunga mabao 3. Mwaka huohuo alikuwa mchezaji bora wa Afrika. Mwaka 1989 alikwenda Uholanzi, alichezea PSV Eindhoven. Alishinda ligi 1991. Alishinda ligi 1992."

Nikajipiga kifua. Kila kitu ni kweli, tarehe zipo, hakuna hata tahajia mbovu. Kumbe! Daftari liliporudi, pembeni mwa aya hiyo palikuwa na wino mwekundu: "Hii ni orodha ya sokoni. Nyanya, vitunguu, mabao 3."

Darasa zima lilicheka kwa sababu mwalimu aliisoma kwa sauti. Nami nilicheka, lakini kwa meno tu.

2. KANUNI YA KWANZA: CHAGUA, KISHA ELEZA

Tazama ile sentensi yangu, "Mwaka 1988 alifunga mabao 3." Dhidi ya nani? Wapi? Na kwa nini tujali? Hata mlinda lango wa darasa letu alikuwa amewahi kufunga 3 dhidi ya kidato cha kwanza.

Hebu tuiandike upya. Mwezi wa Septemba 1988 michezo ya Olimpiki ilifanyika Korea Kusini. Tarehe 19, katika mji wa Gwangju, Zambia ilikutana na Italia. Upande mmoja walikuwa Waitalia, wachezaji wa kulipwa kutoka ligi iliyosifika kuliko zote duniani wakati huo. Upande wa pili walikuwa vijana ambao wengi wao walicheza mpira nyumbani, katika timu za miji ya migodi. Refa alipopuliza kipenga cha mwisho matokeo yalikuwa 4-0, na walioshinda ni Zambia. Kalusha alifunga 3, na Johnson Bwalya akafunga 1. Baadaye Zambia iling'olewa na Ujerumani Magharibi katika robo fainali, lakini jina la Kalusha lilikuwa limekwisha kupaa. Mwaka ulipokwisha, jarida la France Football la Ufaransa lilimtangaza kuwa mchezaji bora wa Afrika, Mzambia wa kwanza kuipata heshima hiyo.

Umeona tofauti? Mabao ni yaleyale 3, lakini sasa yana uzito. Katika wasifu huwezi kusimulia yote. Chagua mambo 3 au 4 yaliyoyageuza maisha ya mtu wako, uyaeleze mpaka msomaji ayaone. Yaliyobaki yataje kwa ufupi, au uyaache yalale.

3. AJALI YA GABON, NA -NGALI- ZANGU

Aya ya pili ya insha yangu ndiyo iliyonifanya nimchague Kalusha.

Mwishoni mwa Aprili 1993 tulikuwa likizoni. Baba alikuwa na redio ya betri, na betri zilipochoka tulizianika juani zipate nguvu ya taarifa ya habari moja zaidi. Ndipo tukasikia kwamba ndege iliyobeba timu ya taifa ya Zambia ilikuwa imeanguka baharini, karibu na pwani ya Gabon.

Ilikuwa ndege ya jeshi la anga la Zambia. Timu ilikuwa ikienda Dakar kucheza na Senegal katika mechi za mchujo wa Kombe la Dunia la 1994. Safari yenyewe ilikuwa ndefu, ya kutua Brazzaville, kisha Libreville, kisha Abidjan, ndipo wafike Dakar. Usiku wa tarehe 27 Aprili ndege iliruka kutoka Libreville, na haikwenda mbali. Watu wote 30 waliokuwemo walikufa. Miongoni mwao walikuwa wachezaji 18 na kocha wao Godfrey Chitalu, ambaye naye enzi zake alikuwa mfungaji hodari kupindukia. Siku 2 tu kabla ya hapo, timu hiyo ilikuwa imeifunga Mauritius 3-0.

Leo tunajua mengi zaidi. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 2003 ilieleza kwamba injini moja ilishika moto, na rubani, aliyekuwa amechoka kwa kuirusha ndege kutoka Mauritius siku iliyotangulia, aliizima ile injini nyingine iliyokuwa nzima.

Na Kalusha? Yeye alikuwa Uholanzi na klabu yake ya PSV. Mpango ulikuwa asafiri peke yake kutoka Ulaya akutane na wenzake Dakar. Kwa hiyo hakuwemo ndegeni. Wenzake wachache waliocheza Ulaya nao hawakuwemo. Walibaki.

Basi katika insha yangu niliandika:

"Kalusha angalikuwa Lusaka, angalipanda ndege ile. Angalipanda ndege ile, angalikufa. Ndege ingalikuwa nzima, isingalianguka. Wangalifika Dakar, wangalishinda..."

Na kadhalika, hadi mwisho wa ukurasa.

Sasa niwaambie sababu yangu. Mwaka uliotangulia, jioni moja, mama alinituma dukani nikanunue mafuta ya taa. Nikajifanya ninasoma. Kaka yangu mkubwa akasema, "Mwache, nitakwenda mimi." Akagongwa na lori barabarani, na hakurudi. Kwa hiyo wino wa zile -ngali- zote ulikuwa wangu. Nilikuwa ninamwandika Kalusha, lakini niliyemlilia ni mwingine.

Mwalimu alilijua hilo, maana alikuja mazishini. Safari hii hakuisoma aya yangu mbele ya darasa. Alizizungushia duara zile -ngali- zote, kisha chini akaandika: "Sarufi yako ni sahihi. Lakini Kalusha ALIFANYA nini? Rudia. Lete mwisho wa muhula."

4. SARUFI: -NGE-, -NGALI- NA -KA-

Hapa tutue tujifunze sarufi, maana ndiyo kiini cha somo.

(a) -NGE- huonyesha jambo ambalo bado linawezekana. "Ungefanya mazoezi, ungeingia timu ya shule." Mlango haujafungwa.

(b) -NGALI- huonyesha jambo ambalo wakati wake umepita, halirudi tena. "Ungalifanya mazoezi, ungaliingia timu ya shule." Timu imekwisha kuchaguliwa, ndugu yangu.

(c) Usizichanganye katika sentensi moja. "Angepanda ndege ile, angalikufa" ni kosa linalowanyang'anya alama wengi. Ukianza na -ngali-, malizia na -ngali-. Na ukikanusha, ingiza -si-: "Asingalikuwa Uholanzi, asingalinusurika."

(d) -KA- ni kiungo cha masimulizi. Hufuata -li- na kuonyesha kwamba jambo moja lilifuatwa na jingine. "Alirudi nyumbani, akawazika wenzake, akavaa jezi." Angalieni pia vitenzi vya silabi moja: tunasema "alikuja" na "angalikuja", lakini "akaja". Tunasema "alikufa" na "angalikufa", lakini "akafa". Ile ku- huanguka tukitumia -ka-.

Sasa sikilizeni kwa makini. -NGALI- husimama mahali pamoja. Unaweza kuandika -ngali- mia, na mtu wako asisogee hata hatua. -KA- ndiyo yenye miguu. Wasifu ni habari ya mtu aliyetembea, kwa hiyo miguu yake ni -ka-. Katika wasifu wa mtu aliyepatwa na msiba, -ngali- moja inatosha, ili msomaji aone shimo lilivyokuwa na kina. Ya pili ni ya kujihurumia.

5. KALUSHA ALIFANYA NINI?

Siku ile nilirudi bwenini nimenuna. Lakini kazi ni kazi. Kila Jumamosi nikawa ninakwenda maktaba kutafuta magazeti, na kila nilichokipata nikakiandika kwa -ka-.

Zambia iliwazika mashujaa wake kando ya uwanja wa Independence mjini Lusaka. Kisha ikakusanya timu nyingine, wengi wao vijana ambao mashabiki hawakuwafahamu, pamoja na wale wachache waliobaki. Timu hiyo ikapelekwa Denmark ikapigishwe mazoezi. Na Kalusha, nahodha, akawa ndiye mzee wa nyumba.

Jumapili tarehe 4 Julai 1993 wakaingia uwanjani kucheza na Morocco, katika mchujo uleule wa Kombe la Dunia. Uwanja wenyewe ni huohuo wa Independence, makaburi yako hatua chache tu nje ya ukuta. Wamorocco wakatangulia kufunga. Hapo mtu yeyote angaliweza kusema, "Tumejaribu, inatosha." Ikapatikana frikiki. Kalusha akauweka mpira chini, akapiga kwa mguu wa kushoto, ukaingia. Kisha Johnson Bwalya, yuleyule wa Gwangju, akaongeza la pili. Zambia 2, Morocco 1.

Hapo ndipo nilipoimaliza insha yangu. Nilipoipeleka, mwalimu aliisoma palepale amesimama, akaandika maneno mawili tu: "Sasa ndiyo." Sijapata tena alama iliyonipendeza kuliko maneno hayo.

Lakini maisha ya mtu hayangoji muhula uishe. Haya ndiyo yaliyofuata, nami nawapa kwa ufupi ili muone kwamba -ka- haina haja ya kuishia kwenye ushindi kila mara.

Oktoba 1993, katika mechi ya mwisho, Zambia ilihitaji sare tu huko Morocco ili iende Kombe la Dunia Marekani. Ikafungwa 1-0. Lo! Uchungu ulioje! Wakaamka tena. Tarehe 10 Aprili 1994, hata mwaka haujatimia tangu ajali, wakawa fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Tunis. Elijah Litana akafunga dakika za mwanzo kabisa, lakini Emmanuel Amunike wa Nigeria akafunga 2, na kombe likaenda Nigeria. Mwaka 1996 Afrika Kusini, Zambia ikashika nafasi ya tatu, na Kalusha akawa mfungaji bora wa mashindano kwa mabao 5. Wakati huo alikuwa amekwisha kuhamia Mexico, kwenye klabu ya América.

Septemba 2004 ndipo penye kioja. Zambia ilicheza na Liberia katika mchujo wa Kombe la Dunia la 2006. Kalusha alikuwa na umri wa miaka 41, naye ni kocha na mchezaji kwa wakati mmoja. Mechi ikiwa 0-0 akajiingiza mwenyewe kama mchezaji wa akiba. Dakika za mwisho ikapatikana frikiki. Si mnajua kilichofuata? Zambia ikashinda 1-0. Wahenga hawakukosea waliposema utu uzima dawa.

6. KANUNI YA MWISHO: WASIFU SI SIFA TUPU

Maneno "wasifu" na "sifa" ni ndugu, lakini msiyafanye mapacha. Ukiandika mazuri peke yake, umeandika shairi la harusi. Kwa hiyo tuseme na hili: Kalusha aliongoza chama cha soka cha Zambia kuanzia 2008 hadi 2016, na mwaka 2018 FIFA ilimpiga marufuku ya miaka 2 kwa makosa ya maadili yaliyohusu zawadi za fedha. Alikata rufaa, na mwaka 2019 mahakama ya rufaa za michezo ikaipunguza adhabu hiyo. Liandike kama lilivyo, usilifiche wala usilipake pilipili. Msomaji akijua kwamba hukumficha kitu, atakuamini unapomsifu mtu wako.

Na ndipo ulifunge wasifu kwa tukio linalobeba maisha yote. Kwa Kalusha tukio hilo ni la Februari 2012. Kombe la Mataifa ya Afrika lilikuwa Gabon na Guinea ya Ikweta. Zambia ilicheza mechi zake zote za awali nchini Guinea ya Ikweta. Ilipoingia fainali tu ndipo ilipolazimika kwenda Libreville. Libreville! Wachezaji wakaenda ufuoni, wakaweka maua mahali palipo karibu na ilipoangukia ndege. Rais wa chama chao alikuwa Kalusha, yule ambaye mwaka 1993 alikuwa akutane na wenzake mbele ya safari.

Tarehe 12 wakakutana na Côte d'Ivoire ya akina Didier Drogba. Dakika 90 zikaisha 0-0. Nyongeza ikaisha 0-0. Zikapigwa penalti, mmoja baada ya mwingine, hadi Stoppila Sunzu akafunga ile ya mwisho. Zambia ikashinda 8-7 na kulitwaa kombe hilo kwa mara ya kwanza.

Usiku ule nilikuwa nyumbani mbele ya runinga, na mke wangu akashangaa kuniona mwalimu mzima ninafuta macho kwa sababu ya mpira wa watu wengine. Sikumweleza papo hapo. Asubuhi yake nilinunua daftari jipya, nikakaa, nikaandika wasifu wa kaka yangu: alivyopenda kuimba akioga, alivyonifundisha kuendesha baiskeli, alivyosema "Mwache, nitakwenda mimi." Zikawa kurasa mbili. Ndani yake mna -ngali- moja tu.

ZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya wasifu, tawasifu na wasifukazi.

2. Sahihisha: "Kalusha angesafiri na wenzake, angaliangamia."

3. Kanusha: "Zambia ingalipata sare Morocco, ingalikwenda Marekani."

4. Andika sentensi tano zinazofuatana juu ya mechi yoyote uliyoitazama, ya kwanza ikiwa na -li- na nne zilizobaki zikiwa na -ka-. Tumia vitenzi viwili vya silabi moja.

5. Andika wasifu wa mtu wa kwenu ambaye hajapata kuandikwa na yeyote. Chagua mambo 3 tu. Ukijikuta umeandika -ngali- zaidi ya moja, weka kalamu chini, unywe maji, kisha ujiulize: yeye alifanya nini?

Majibu ya swali la tano yaleteni kwangu, ofisi ya idara ya Kiswahili, wakati wowote. Wino mwekundu ninao, lakini nitausoma wasifu wako kimyakimya. Kwaherini ya kuonana toleo lijalo.